Ndege Aliyetuibia Samaki Wakati wa Maombi

Najma, Doha
Jumamosi, baada ya chai

Kwako mama yangu,

Kabla sijakusalimu acha nikuambie alichofanya mjukuu wako sasa hivi. Nilikuwa naosha vikombe huku naimba lile pambio lenu la ushirika wa akina mama. Levis akaburuta kiti, akapanda, akaniwekea kiganja hapa kooni. Akatulia kabisa, mdomo wazi, kama mtu anayenyemelea panzi. Nilipofika kwenye kiitikio akacheka mpaka akakaribia kuanguka. Halafu akashuka, akaenda kuiwekea mashine ya kufua kiganja hichohicho, akarudi akanitikisia kichwa kwa huruma. Yaani mashine inaimba kunishinda.

Mulembe basi, mama. Mulembe kwa Hannah anayekusomea, na namwomba huyo mdogo wangu asiruke mistari wala asikimbilie mwisho kwanza. Goti lako linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka, au umeiweka kabatini ingojee wageni? Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Joto limetushika shingo, hata bomba la maji baridi linatoa maji yaliyo tayari kwa chai, lakini Omondi yuko kazini pale hotelini na hajaugua, na Levis amerefuka, viatu vya Krismasi havimwingii tena.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ninayo. Mama, wewe ukipigiwa simu unaweka spika, na watu wote wanaosaga unga posho mili wanachangia. Haya ya leo nataka uyasikie ukiwa umekaa kitandani kwako na mlango umefungwa. Douglas anayefanya kazi na Omondi anakuja likizo, yeye ndiye atakayekuletea.

Najua swali lako la kwanza, maana ndilo la kila Jumapili: ameshaongea? Kila Jumapili unasema, Levis, mimi ni nyanya yako, sema kukhu, sema tu kukhu, na mimi namsogezea simu mdomoni, na wewe unasikia pumzi. Halafu unanifariji kwamba mjomba Job alinyamaza mpaka akamaliza miaka mitano, na siku alipofungua mdomo aliomba uji uongezwe sukari. Hadithi hiyo imenibeba sana, mama. Hapa kanisani Mesaimeer kila Ijumaa wanamwekea mtoto mikono. Mmoja alisema akatwe kamba ya ulimi, mwingine akasema ni kwa sababu hana wenzake wa kucheza nao humu ghorofani. Kliniki walitutuma tukampime masikio. Omondi akasema masikio ya mtoto anayaona, yametoka kwa babake, makubwa na safi. Tukaliacha hapo.

Sasa sikia tulikoenda. Unamkumbuka wifi yangu Phyllis, dadake Omondi, anayewatunza wazee kule Uingereza. Alikuwa anaolewa, akamtaka kaka yake amsimamie. Hoteli ikampa Omondi likizo, na viza, mama, zikatoka! Mimi Scovia niliyeishia darasa la nane, ambaye bahari ya kwanza kuiingia ni hii ya Al Wakrah iliyo vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, nikashuka Uingereza na kofia ya harusi mkononi.

Phyllis anakaa mji wa pwani unaoitwa Hastings. Jua la huko halijui kwenda nyumbani. Tunakula chakula cha jioni, tunaosha vyombo, tunaomba, na bado nje watoto wanacheza mpira. Huku Doha tunalikimbia jua kama vifaranga wanavyomkimbia mwewe. Huko watu wanalitafuta, likichungulia kidogo tu wanavua mashati na kulala juu ya mawe. Ndiyo, mawe. Ufuo wao ni kokoto, ukizikanyaga zinalalamika, na mashua zao za uvuvi zimekaa juu ya kokoto hizohizo, zinavutwa na trekta. Trekta, mama, kama lile la kulimia miwa. Nilisimama nikalitazama likiitoa mashua majini, maji yanachuruzika, nikasahau hata kupiga picha. Kuna na gari dogo linalovutwa kwa kamba, linapanda kando ya mwamba, unaingia chini na kutokea juu, na bahari yote iko chini yako, ya kijivu, haina mwisho. Levis alinishika sketi kwa mikono miwili akatetemeka kwa furaha. Nami nilitetemeka, ila yangu haikuwa furaha yote.

Na wanavyokula hao watu! Familia nzima, kuanzia babu mpaka mtoto wa kubebwa, wanaingia hotelini na mbwa wao, na mbwa analetewa bakuli la maji kabla hujaulizwa wewe utakunywa nini. Phyllis alitupeleka mahali pa chai ambapo unapewa vimkate vitamu, unavipaka jamu na krimu nzito. Omondi akaanza na krimu. Mhudumu akamwambia kwa utani kwamba katika nchi ile kuna ndugu wasiosalimiana kwa ajili ya jambo hilo, nini kianze. Omondi akafuta krimu yote akaanza upya, jasho linamtoka.

Lakini nikupeleke kwenye samaki. Siku iliyofuata harusi tulikwenda kula samaki na chipsi kwenye meza za nje, karibu na zile mashua. Samaki amevishwa unga, amekaangwa mpaka ni mrefu kuliko sahani, chipsi nene kama vidole vya mkulima, siki juu yake. Harufu yake hata sasa naisikia. Phyllis alituonya tuwe macho na ndege wa pale, weupe, wakubwa kama bata. Tukasema sawa. Omondi akasema kwanza tuombe. Unamjua Omondi. Aliombea samaki, akamwombea mvuvi, akaombea trekta, akaombea ndoa ya dadake na watu wa viza, na sisi sote tumefumba macho, vichwa chini.

Levis akaanza kunisumbua. Akanipiga begani, akagonga meza, akanivuta kidole, mikono yake inaruka mbele ya uso wangu mpaka nausikia upepo wake. Nikaona mtoto ananiaibisha mbele ya wageni. Nikaikamata mikono yake yote miwili, macho yangu yakiwa yamefumbwa, nikaibana mapajani mwangu mpaka amina.

Tulipofumbua macho samaki wa Omondi hakuwepo. Imebaki sahani na siki. Ndege yuko juu ya paa la kibanda anamalizia mkia. Phyllis alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, akamwambia kaka yake kwamba maombi yamejibiwa, ila ya ndege.

Watu wa meza ya jirani nao walikuwa wanacheka. Hao nilikuwa nimewaona tangu tulipokaa: baba anayeitwa Nick, mkewe, watoto wawili na nyanya yao. Mwanzoni nilidhani wamenuniana, maana hapakuwa na neno. Kisha nikadhani ni dini yao. Lakini mikono, mama! Mikono yao ilikuwa inaruka, wanagombania chipsi kwa mikono, wanatukanana kwa mikono nadhani, maana kijana alifanya jambo fulani kwa vidole na mama yake akamchapa kofi dogo. Binti yao, aliyeng'oka meno ya mbele, akaja akasimama mbele ya Levis. Akafumba macho, akakunja viganja, akachezesha midomo, muda mrefu, Omondi mtupu! Halafu mikono ikawa mabawa. Ikazunguka, ikatua. Vidole vikawa mdomo wa ndege, na samaki, hap, akaenda. Kisha akanifanya mimi. Akafumba macho akabana mikono ya mtu asiyekuwepo.

Levis alimtazama bila kupepesa. Akacheka. Kisha akainua mikono yake mwenyewe, akasimulia. Baba amefumba macho. Mama amefumba macho. Lakini akaongeza ambalo yule binti hakuliona: kwamba ndege alikuja kwanza kwa miguu, chini ya meza, akitembea kama bwana mkubwa, akaonja chipsi moja iliyoanguka, akaenda, akafikiria, akarudi. Alikuwa ameona yote. Na alikuwa ananiambia. Mama, mtoto wangu ana miaka minne na ile ndiyo mara ya kwanza kumwona anasimulia jambo, na sijui ni mangapi amekwisha kuniambia nikiwa nimemshika mikono.

Kitu kilinipita mwilini kama siku aliponitoka tumboni. Nilimwogopa mtoto wangu, si kwa ubaya, ile hofu ya mtu aliyeingia chumba anacholala kila siku akakuta kina mlango mwingine, na nyuma ya mlango kuna watu, kuna taa, kuna karamu.

Yule nyanya yao ndiye pekee aliyetumia mdomo, na anautumia kwelikweli: rangi nyekundu ya midomo, sigara, sauti ya mnadani. Phyllis akawa ananitafsiria. Alimwuliza Omondi bila kuzunguka, huyu mtoto hasikii, siyo? Omondi akakasirika, akasema mtoto wake ni mpole tu. Nyanya akasema hata yeye aliwajibu watu hivyohivyo juu ya Nick. Alimkalisha mbele yake miaka na miaka akimfundisha kutamka mama, na hatimaye Nick akatamka, likatoka limepinda, na halikuwa na maana yoyote kwake, lilikuwa zoezi la mdomo. Alipokubali kujifunza mikono, tayari mtu wa meno ya bandia, jambo la kwanza mwanawe alilomwambia ni kwamba hajawahi kuipenda kabichi yake. Akacheka, akakohoa, akamsukumia Omondi nusu ya samaki wake. Omondi hakula. Usiku huo alipiga makofi hewani nyuma ya kichwa cha Levis, pa, pa, na mtoto akaendelea kupanga kokoto zake bila kugeuka.

Sasa mama, shika kitanda. Tuliporudi Doha tulimpeleka akapimwe. Daktari alikuwa mama mmoja wa Sudan, alituambia polepole, akarudia. Levis hasikii. Hajawahi kusikia tangu tumboni. Mshipa wa kupeleka sauti haukuumbwa, kwa hiyo hata zile mashine wanazowavalisha wengine yeye hazitamsaidia. Hatasema kukhu. Si akimaliza miaka mitano, si akikua. Omondi alilia kwenye ngazi za hospitali mbele za watu. Mimi nililia, lakini sikulia kama nilivyofikiri ningelia, maana nilikuwa nimeshamwona akisimulia.

Na kuna la pili. Mimi na Omondi tumeligombania mpaka tukapatana. Mimi na Levis tunarudi nyumbani, kukaa. Nimejua kwamba mikono nayo ina lugha zake: ya Uingereza siyo ya Kenya, na ya hapa ni nyingine kabisa. Tunataka aongee ya kwetu. Kuna shule ya watoto kama yeye si mbali na hapo Webuye, nimeongea na mwalimu mkuu, nafasi ipo Januari. Omondi atabaki huku kazini. Sisi tungependa kufikia kwako, ukiturudishia chumba changu.

Lakini nakuomba, mama, na hili ndilo nililoandikia barua. Usimwombe tena sauti. Asipelekwe kwa watu wa kutoa pepo, asiitwe bubu mbele yangu wala nyuma yangu, wala asionewe huruma ya kushika shavu. Jifunze mikono. Yule mwalimu anafundisha wazazi na nyanya kila Jumamosi, watu wazima wanakaa kwenye viti vya watoto. Najua utasema umezeeka na vidole vimekakamaa kwa jembe. Vije hivyohivyo. Ukiona huwezi niambie wazi, nitapanga chumba mjini, sitakuwa na kinyongo, mama ni mama. Ila ujue kuna mtu hapa mwenye maneno ya miaka minne, na mengi ni yako. Nikimwonyesha picha yako na kuku wako anafanya jambo fulani kwa viwiko ambalo sidhani ni heshima.

Haya, nisalimie mjomba Job na watu wake wote. Wasalimie akina mama wa ushirika, waambie nawakumbuka. Omondi anakusalimu sana, anasema atakupigia mwenyewe ukishaisoma hii. Hannah, mshike mama mkono sasa, usimwache peke yake, halafu umwambie

Ngoja mama. Levis amekuja, amenishika kidevu akanigeuza uso. Kuna jambo limetokea dirishani, mikono yote iko hewani, ni paka, na nguo za jirani, na sijui nani ameanguka. Acha niweke kalamu chini, maana huyu mtu akianza