Mwezi Upi wa Kwenda Ugiriki

Jumatatu, 16 Februari 2004

Leo nimeulizwa swali la maana. Miaka ishirini na miwili nafundisha jiografia, na wanafunzi huuliza moja tu: "Mwalimu, hii italetwa kwa mtihani?" Lakini leo!

Ilikuwa mtaani Mountain View, kwa akina Kajal. Namfundisha Jumatatu na Jumatano baada ya shule. Kidato cha Tatu, akili anayo, ila ramani zake zote zinatoka duara kama chapati. Somo: hali ya hewa ya nchi za Mediterania. Nikasema nisemavyo kila mwaka — kiangazi joto na ukavu, kipupwe mvua. Kumbe nyanya yake, Mama Lalita, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anasikiliza kuliko mwanafunzi mwenyewe.

Akaingia. Akaweka mwiko juu ya atlasi.

"Mwalimu, sasa kisiwa ya Ugiriki, mwezi gani ndiyo mzuri kabisa?"

Habari yenyewe: kijana wao Gaurav, yule anayeishi Leicester, ameahidi kuwapeleka wazee wake kisiwani siku kumi. Wametimiza miaka arobaini ya ndoa. Yeye atashughulikia kila kitu. Wao wachague mwezi tu, na atapiga simu tarehe tatu Machi kupata jibu.

"Julai," nikasema. Bila kupepesa macho. Kwa ile sauti ya ubaoni.

Akaiandika kwa kalenda ya ukutani, herufi kubwa. Nimerudi nyumbani Waithaka na bhajia za kutosha familia tatu. Mke wangu Nanjala amekula nne kabla ya kuniuliza, "Na wewe Julai ya huko umeiona lini?"

Wanawake!

Alhamisi, 19 Februari

Mzee Bhagwanji, mumewe Mama Lalita, ameniita dukani kwake Biashara Street. (Kajal humwita "Dada". Ndivyo Wagujarati humwita babu. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa namsubiri huyo dada nimsalimie.)

Anauza vitambaa vya mapazia. Nimemkuta kwa kiti kirefu, tepu ya kupimia shingoni. Akanivuta nyuma ya marobota.

"Mwalimu, hiyo Julai yako, itafutie makosa."

Nikamwambia Julai haina makosa.

"Kila kitu iko na makosa. Tafuta."

Kumbe mzee hataki safari. Miezi mingine karibu yote alishaikataa nyumbani. Aprili ni mvua, stoo inaingia maji. Mei mpwa wake Yash anaoa. Juni ni baridi. "Baridi ya wapi?" nikauliza. Ya hapa, akasema — ndipo watu hununua mapazia mazito. Agosti kuna Olimpiki kule Athens, dunia nzima itakuwa huko inakimbia. Oktoba sikukuu ya Navratri, Novemba Diwali. Septemba bado anaitafutia kitu. Na Julai, ambayo hakuna aliyeifikiria, nimeileta mimi na mdomo wangu.

Nilipokuwa natoka akaniingizia kitambaa chini ya kwapa. Maua ya samawati. Sikukiomba. Wala sikukirudisha. Je, hii ni hongo? Siku hizi redio haina wimbo mwingine ila hongo, hongo. Lakini ni mita tatu tu!

Nanjala ameshakipima dirishani. Kinatosha. Ameimba jikoni jioni nzima.

Jumamosi, 21 Februari

Nimeenda saiba moja karibu na bustani ya Jivanjee. Kompyuta inafikiria polepole kuliko Kidato cha Pili B. Lakini nimepata!

Kuna upepo. Una jina pia: meltemi. Huvuma Julai na Agosti kwenye visiwa vile, siku baada ya siku, na anga likiwa safi kabisa. Feri hulala bandarini. Watu hukwama. Kofia hazikai kichwani.

Nimefurahi — makosa ya Julai hayo! Ukweli na kitambaa vimekubaliana, na dhamiri yangu ilale.

Halafu njiani nikaanza kuona haya. Miaka ishirini na miwili, na huo upepo sijawahi kuutaja darasani. Watoto wangapi wamepita mikononi mwangu hawaujui? Daktari gani, wakili gani yuko mahali saa hii akiamini Julai ya Ugiriki imetulia?

Jumatatu, 23 Februari

Siku ya aibu. Nitaiandika yote.

Nimemwambia Mama Lalita kwamba Julai ina upepo. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa parachichi bovu na jirani yake mwenyewe. Akafuta kalenda kwa mate. "Basi mwezi gani?"

Mzee alikuwa hapo na chai yake, ametabasamu mpaka masikioni. Nami, sijui ni shetani gani, nikasema Mei! Maua kila mahali, watu wachache.

Mzee akakohoa. "Yash anaoa Mei."

"Harusi ni siku tatu," akasema Mama Lalita. "Si mwezi mzima."

Mzee akanigeuzia macho. Sikumtazama. Nilisoma atlasi.

Sasa Kajal, na penseli mdomoni: "Lakini Mwalimu, si ulisema nchi kavu inashika joto haraka na bahari inashika polepole? Si Mei hayo maji bado yatakuwa baridi?"

"Swali zuri," nikasema. Mwalimu akisema swali ni zuri, jua amekwama.

Mama Lalita akashika kiuno. Maji baridi hataki. Maji ndiyo anayoyaendea! Akatueleza. Mwaka wa sitini na nne, baada ya harusi, walienda Mombasa siku tano — na mama mkwe akaandamana nao. Mama mkwe huyo akawa anasimama mchangani na mwavuli, anaita: "Lalita! Kifundo cha mguu, basi!" Siku tano, kifundo cha mguu. Tangu hapo hajaingia bahari yoyote.

"Safari hii," akasema, "mpaka hapa." Akaweka mkono kiunoni. Halafu akaupandisha kidogo, mbavuni. "Hapa."

Akacheka mpaka akakaa chini. Kajal akacheka. Mimi pia. Mzee aliinuka akaenda kukagua geti, ambalo halikuwa na shida yoyote.

Jibu lilikuwa wazi. Septemba! Upepo umetulia, na bahari imekusanya joto la kiangazi kizima. Nililijua nikiwa nimekaa hapo, na kikombe mkononi. Nikasema, "Nitafanya utafiti zaidi."

Mwoga.

Jumanne, 24 Februari

Nimemsimulia Nanjala habari ya mama mkwe na mwavuli. Amecheka mpaka machozi. Halafu akajifuta macho kwa leso.

"Na sisi? Mwezi gani ni mzuri?"

"Wa kwenda wapi?"

"Popote."

"Aprili," nikasema, "shule zikifungwa."

"Aprili uliisema Sammy akiwa darasa la tatu."

Sammy, kijana wetu, sasa ananyoa ndevu. Nikaenda kusahihisha madaftari. Hayakuwa na haraka.

Ijumaa, 27 Februari

Nimeenda dukani bila kuitwa. Nilikuwa nimejizoeza maneno njia nzima. "Mzee, ni Septemba. Mimi ni mwalimu, siwezi kusema lingine. Na hicho kitambaa — tumeshakitundika, lakini nitakitungua nikurudishie."

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Akapima kitambaa cha mteja, akakipima tena, akasahau kukikata. Mteja alipoondoka, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mimi naogopa."

Nikadhani ndege. Hapana, ndege ni kiti tu. Bahari? Hapana.

"Siku kumi, Mwalimu. Mimi na yeye. Gaurav ataenda kutembea na marafiki yake, unajua vijana. Sisi tutaamka, tutakunywa chai, tutaangalia maji. Nitamwambia nini? Hapa nikirudi jioni iko habari — huyu mteja amerudisha kitambaa, yule amechanganya rangi. Huko hakuna mteja. Siku ya pili maneno yangu itaisha."

Nikamuuliza kama amemwambia mwenyewe.

"Nikimwambia sasa, si hayo ndiyo maneno ya siku ya tatu?"

Nikacheka. Yeye pia, kidogo. Tukanywa chai. Akasema kitambaa nikae nacho, kimeshakatwa.

Lakini nilipofika njiani kicheko kilikauka. Mimi humwambia Nanjala nini? Mkuu wa shule amesema hivi. Maji hayajakuja. Sammy ameomba nauli. Ondoa mkuu, ondoa maji, ondoa Sammy. Kinabaki nini?

Jumapili, 29 Februari

Tarehe hii huja mara moja kwa miaka minne. Nikaamua niitumie vizuri.

Baada ya kanisa tuliketi nje, mimi na Nanjala, kila mtu na stuli yake. Masharti niliyojiwekea: hakuna shule, hakuna Sammy, hakuna maji.

Kuku wa Philister, jirani yetu, akapita. Nilisahau kumweka kwa masharti, lakini nikajizuia.

"Nanjala," nikasema, "wewe unapenda rangi gani?"

Akanigusa kipaji cha uso. "Una malaria?"

Nikasema sina. Akanichunguza. Kijani, akasema mwishowe. Kijani! Nimemnunulia leso za samawati miaka ishirini na minne!

Tukaendelea. Nilikuwa nimetota jasho kama mtu wa usaili. Akaniambia alipokuwa msichana Webuye alifukuzwa kwaya ya kanisa kwa kucheka. Kasisi alikuwa anapiga chafya kila alipofika kwa "amina". Sikuwahi kusikia hiyo! Nikamuuliza kama alirudishwa. Hakurudishwa. Alisimama nje ya dirisha miezi mitatu akiimba sauti ya pili peke yake, mpaka wakachoka wakafunga dirisha.

Nilimtazama. Nilimwona msichana huyo kabisa.

Kisha nikatazama saa. Nilitaka tu kujua tumefika dakika ngapi! Kumi na moja.

"Uko na mkutano?" akauliza.

Akaingia ndani kuchagua maharagwe. Nilimfuata nikaeleza kwamba ni jaribio. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

Jumatano, 3 Machi

Simu ya Gaurav. Tulikuwa mezani wote: Mama Lalita amevaa sari nzuri, kana kwamba simu inaona. Mzee amenyolewa. Kajal amebonyeza kipaza sauti.

"Haya, Mama. Mwezi?"

Wote wakanigeukia. Sijawahi kuogopa darasa hivyo, hata mwaka ule wakaguzi walikaa nyuma.

"Septemba," nikasema. "Wiki mbili za kwanza. Upepo umekwisha, watu wamerudi makwao, na maji yana joto." Nikaongeza, kwa sababu ni haki yake: "Kajal ndiye aliyegundua hilo la maji."

Mzee alitazama mikono yake. Halafu akasema kitu kwa Kigujarati, polepole, maneno machache tu. Mama Lalita akaweka kikombe chini. Nikamtazama Kajal. Akaninong'oneza: "Dada anasema Septemba ni sawa. Lakini anaogopa ataishiwa na maneno."

Nilijua sasa mama atalia. Nikaanza kukusanya vitabu.

Mama Lalita akapiga meza kofi. Vikombe vikaruka.

"Asante Mungu!" — hii alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Mimi nilikuwa naogopa utaongea siku kumi juu ya mapazia!"

Wakaanza wote wawili pamoja. Yeye anasema, mzee anajibu, mzee anasema, yeye anamkatiza, mikono hewani. Mara mzee akacheka, mara akakasirika, mara akauliza kitu na mama akaonyesha mbavuni. Simu ikaita, "Halo? Halo? Mama?" Hakuna aliyeijibu. Kajal akamwambia baba yake mdogo apige kesho.

Nilitoka polepole. Hakuna aliyeniaga. Ni mara ya kwanza nimetoka nyumba ile bila bhajia, na sikuhisi kama nimenyimwa kitu.

Nikafika Waithaka nikiwa na habari tamu kuliko zote, nikamsimulia Nanjala yote, nikiwaigiza na sauti. Alisikiliza. Alicheka mahali pa kucheka.

"Umesimulia vizuri," akasema. "Ya watu."

Akaenda kulala.

Jumamosi, 6 Machi

Nimerudi kutoka masomo ya ziada ya Jumamosi, nyumba kimya. Juu ya meza, karatasi: "Nimeenda stesheni ya reli. Nakata tikiti kwenda Mombasa kwa Ivyne, tarehe tisa Aprili. Ugali uko kwa sufuria."

Ivyne ni dadake. Anaishi Changamwe, ametualika miaka yote hiyo.

Nakata tikiti. Tikiti! Kwa Kiswahili tikiti moja ni tikiti, na tikiti mbili ni tikiti. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba lugha hii ni tajiri, na leo imenitupa. Nimesoma karatasi mara sita. "Nimeenda." "Nakata." Kuhusu mimi, ni ugali tu.

Saa nane na nusu. Nimekula ugali.

Saa tisa. Nimejaribu kuandika orodha ya mambo ya kumwambia kwa treni, kama kuna treni yangu. Kwaya — ni nani mwingine alicheka? Kasisi yule yu hai? Kijani ya aina gani, ya majani mabichi au ya sare ya polisi tawala? Nimefika matatu, nikachana karatasi. Mtu haendi Mombasa na muhtasari wa somo.

Saa tisa na robo. Amefika. Namsikia getini anamsalimia Philister. Anasema treni huondoka saa moja jioni na asubuhi unaamka ukiona twiga. Philister anamuuliza kitu, sikukisikia, na Nanjala anacheka kile kicheko cha kufukuzwa kwaya.

Ameingia. Ana bahasha. Ameiweka katikati ya meza, hakuifungua, ameketi mbele yangu na mkoba bado begani. Ananitazama nikiandika.

Anasema niweke kalamu chini.

Nimesema naam, namaliza mstari huu tu.

Anasema, "Zedekiah, hata sasa?" Anasogeza bahasha kwangu, kidole kimoja juu yake, na anasema kabla sijaifungua nimjibu kitu kimoja, bila kutazama saa, bila kuandika: ningependa ziwe tikiti ngapi humu ndani? Naweka kalamu chini.