Mwenye Shuka Hajaja Kujaribu

Nyumba ya kona, ghorofa ya juu,
Nyuma ya hospitali.
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Kabla sijaanza maneno yangu mengi, niambie kwanza: goti lako linaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku miili ni mizima. Paa halivuji tena, binti yetu amepata kazi kwenye duka la dawa, na mimi nimenenepa. Usicheke.

Najua unachotaka ni habari za kaka yako. Leo nitakueleza zote, maana nimechoka kukwambia kwenye simu kwamba hajambo.

Daktari aliposema ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ulibisha kwamba huo ni wa vikongwe. Hata mimi nilibisha. Mtu hajafika hata miaka hamsini na tano, nguvu za kubeba gunia anazo! Lakini alipomshonea bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto, tulifunga duka lake la ushonaji. Baada ya hapo akawa anashinda dirishani, mkasi mkononi, hana cha kukata. Nilimwogopa, wifi. Si kwamba angenidhuru. Niliogopa kile kimya chake, kama nyumba iliyohamwa.

Nesi wa kliniki ndiye aliyetuokoa. Alisema mtu wa umri ule hakalishwi tu, akamwombea nafasi ya kujitolea kwenye chumba cha kushonea mashuka ya hospitali. Msimamizi wa pale, ambaye wote wanamwita Mama Mashuka, alimwekea cherehani mbele, na miguu ikaanza yenyewe. Siku hiyo alirudi nyumbani anapiga mluzi! Akawa anavaa shati la pasi na kunihimiza nisimcheleweshe kazini. Nililia jikoni kwa furaha.

Kisha mashuka yakaanza kufumuka. Dobi wa hospitali alikuja juu: kila yakiingia kwenye maji, pindo zinaachia. Mama Mashuka alipoangalia akakuta kaka yako anapiga bandi tu, zile nyuzi ndefu za mkono za kushikiza nguo mpaka mwenyewe aje kujaribu. Unamjua, hajawahi kumaliza nguo ya mtu kabla hajaiona mwilini. Alipoulizwa alijibu kwa heshima zote, "Mwenye shuka hajaja kujaribu. Nikilimaliza lisipomkaa, lawama za nani?"

Wenzake walicheka. Mimi sikuona la kuchekesha. Wanaolalia mashuka yale, wifi, wengine hawainuki tena, na yeye anakaa pale anawasubiri.

Mama Mashuka aliniita pembeni. "Dada, huyu fundi nampenda, lakini dobi ameshafika kwa wakubwa. Yakifumuka tena sitakuwa na la kusema." Nikaliona lile dirisha linamngoja.

Basi nikafanya kichekesho. Nilikwenda mlangoni, nikapiga hodi, nikasema wenzangu wa wodini wamenituma nije kujaribu mashuka yetu. Mama Mashuka akageukia ukutani asicheke. Kaka yako akainuka, akanikaribisha, akanitandazia shuka mabegani, akavuta huku, akalegeza kule. "Geuka kidogo, mama. Haya, limekukaa." Akarudi kwenye cherehani, akashona rundo zima, pindo imara kabisa. Tangu hapo nakwenda kila asubuhi. Dobi amenyamaza, na nafasi ya kaka yako ipo.

Ningeishia hapo ungefurahi. Lakini Alhamisi, akiwa ananipima mabega, mkono wake ulisimama. Akanitazama kwa upole, ule upole anaowapa wateja.

"Samahani, mama. Mke wangu ana mabega kama haya haya. Lake nimeliweka kando, nasubiri aje kujaribu."

Akanionyesha. Liko kwenye rafu, jeupe, limekunjwa vizuri, limepigwa bandi pande zote.

Nilishindwa kusema kwamba ndiye mimi. Angeaibika mbele ya watu, na aibu ikimwingia hatarudi tena pale, namjua. Nikasema nitamfikishia ujumbe. Akanishukuru, akarudi kazini na mluzi wake.

Jioni tulipokuwa tunakula alinijua vizuri, akanitania nimezidisha chumvi. Kisha akalalamika, "Mke wangu, nimekushonea kitu kule kazini, mbona huji kujaribu?" Nikamwambia nitakuja kesho. Ijumaa nilikwenda, na jana pia. Mara zote alinikaribisha kama mgeni, nikajaribu mashuka ya watu, na langu likabaki kwenye rafu.

Naomba uje, wifi, hata kwa siku chache. Wewe alianza kukupima mabega ungali mtoto, labda yako atayajua. Tukiingia pamoja, huenda ukaweza kumwambia mimi ni nani. Peke yangu naogopa.

Msalimie shemeji na wanao wote, na shangazi mwambie kitambaa chake kilifika salama. Mungu akulinde huko uliko, na akulainishie hilo goti upande ngazi zetu.

Wako akupendaye,
mke wa kaka yako.