Jembe Lisilolia

Akalla, Stockholm

Mjukuu wangu Neema,

Hamjambo huko Arusha? Sisi wazima. Shangazi yako amepata kazi hospitali, na treni mpya ya chini ya ardhi imefika karibu na mlango wetu. Habari za baridi usiniulize.

Unasema mwenye duka unakofanya kazi anataka uwasifie wakulima mbegu ambazo hujaziona zikiota. Ufanyeje?

Nilipokuwa na umri wako, Mzungu mmoja aliyewauzia walowezi zana za kilimo alinisimamisha barazani siku ya soko, niwanadie akina mama majembe mapya. Nikainua la kwanza, nikaligonga kwa jiwe kama mama alivyonifundisha. Likatoa sauti ya chungu kilichopasuka.

"Hili lina ufa, msinunue," nikasema.

La pili likalia kama kengele. "Hili chukueni!"

Mzungu akafura. "Nimekuweka hapa uuze!"

"Ndiyo nauza, bwana."

Kufika adhuhuri, hakuna mama aliyekubali jembe ambalo sikuligonga mimi. Tangu siku ile, kila sanduku la majembe lilipofunguliwa, niliitwa kwanza.

Juzi nilikwenda madukani Kista, jirani na hapa, kununua sufuria, nikaigonga. Muuzaji akacheka, shangazi yako akaona haya. Nikagonga ya pili, kisha ya tatu. Kufika ya nne, muuzaji alikuwa ameinama anasikiliza pamoja nami.

Panda mbegu kumi kwenye kopo, Neema. Zikiota, zisifie mpaka nikusikie huku.

Bibi yako, masikio bado mazima.