Kadi ya Matundu Manne na Sauti ya Mama

Pelagia Niyonkuru,
Stesheneri, Sokoni,
S.L.P. 47,
Kasulu.

14 Septemba 2014

Mpendwa kaka Harerimana,

Amahoro. Mmeamkaje huko Makamba? Wifi Uwimana mgongo umemwachia, au bado anainama kwa kujishika? Na watoto wanaendelea na shule, au wanaendelea na mpira? Sisi tuko wazima. Shemeji yako Kipriani anajenga madarasa Makere, anarudi kila Jumamosi akiwa mwekundu kama tofali. Kifua changu cha kiangazi kimetulia. Maharage tumevuna magunia sita. Mwaka jana yalikuwa tisa, lakini mwaka jana mama alikuwepo kuwafukuza ndege.

Baada ya salamu hizo, kaka, nina neno, na nitalisema taratibu.

Mwezi uliopita Kudra alipita dukani kwangu. Unamjua, yule wa vitenge anayevuka mpaka wa Manyovu kuja kwenu na kushuka Kigoma kuchukua mzigo. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akanywa yote, nikajua amebeba kitu.

"Dada Pelagia," akasema, "mimi ni mdomo tu, usinichukie."

"Sema, Kudra. Maji umeshakunywa."

"Kaka yako anasema pale sokoni kwao, watu wakisikia, kwamba umekalia sauti ya mama yenu. Anasema Winifrida wa kwaya alimrekodi mwezi wa tatu, sasa ni mwezi wa nane, na wewe una duka lenye kompyuta. Anasema pengine mle ndani kuna habari za shamba la Kagerankanda."

Alikuja mteja, nikamtolea kopi zake tisa, nikarudi kukaa. Hukunipigia simu kuniuliza, kaka. Ulilisema mbele ya watu, tena sokoni, na mimi nikaletewa kama anavyoletewa mtu hati ya mahakama. Jibu langu ni hili hapa.

Kompyuta yangu unaifahamu, uliibeba wewe mwenyewe kutoka kwenye gari mwaka 2009. Ilipofika kwangu ilikuwa na miaka minane. Kwa hiyo leo ina kumi na mitatu, na bado inanilisha. Kosa lake ni moja. Nyuma ina matundu mawili tu ya kuchomeka flashi, moja lilikufa zamani, na lile lililobaki ni la zama za kwanza, polepole kama mtu anayemwaga mtama kwa kijiko.

Winifrida alimrekodi mama kwa kamera ya kanda ya kwaya. Kanda zilikuwa mbili, akaziunganisha zikawa faili moja, akaliweka kwenye diski ya kubebeka, akaniletea siku ya arobaini ya msiba. Faili lina GB 21. Tundu langu linapitisha MB moja kwa sekunde, nimelipima kwa saa ya mkononi. Piga hesabu: saa sita kasoro dakika mbili. Na jenereta yetu ya sokoni, tunayochangia mafuta maduka saba, inawashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa nane mchana. Ni saa nne tu, kaka. Umeme ukikatika faili halibaki nusu, linaanza upya kama halijawahi kuguswa. Nilijaribu mara tano. Mara ya tano nilikuwa nimefika asilimia sitini na saba.

Utasema ningelifungua mle mle kwenye diski bila kunakili. Nilifungua. Picha ile inataka MB tatu na nusu kila sekunde, na tundu linatoa moja. Mama anatokea amekaa kwenye mkeka wake, anafungua mdomo, halafu anaganda. Anakaa hivyo, mdomo wazi. Baadaye anaruka, mkono umeshahama, na neno lenyewe limepotea. Kwa miezi mitatu hiyo ndiyo sauti niliyokuwa nimeikalia.

Utasema tena ningekwenda kwenye duka la mwenzangu. Nilikwenda. Akaniambia niiache diski, nirudi Ijumaa. Mwaka jana mama mmoja wa Kagerankanda aliacha flashi yenye harusi ya mwanawe mahali fulani, ikarudi tupu, nyeupe kama sahani. Sikuacha. Na diski si yangu wala si ya Winifrida, ni ya kwaya, na alinipa mpaka mwisho wa mwezi wa nane.

Nikaamua kuongeza matundu. Inawezekana. Ndani ya kompyuta kuna mifereji ya kuchomeka kadi, na zipo kadi zenye matundu mapya mgongoni. Nilifungua ubavu nikaona mifereji mitatu myeupe, haina mtu. Ila hapa Kasulu kadi sikuiona, na Kudra alikuwa anashuka Kigoma.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, ucheke, nakuruhusu. Nilipima mfereji kwa unyasi. Nikaukata sawasawa, nikaufunga kwenye karatasi, nikampa Kudra: tafuta kadi ya urefu huu, yenye matundu ya USB. Unajua nilikojifunza. Mama alikuwa akikupima wewe mguu kwa unyasi, anauchomeka kwenye kilemba, anakwenda nao mnadani kununua viatu. Mimi sikupimwa, nilisubiri vyako vikubane.

Kudra akaleta kadi. Urefu ni ule ule, hata unywele haukuzidi. Haikuingia. Chini ya kadi kuna meno yaliyoachiana pengo, na ndani ya mfereji kuna kizuizi kinachokaa kwenye hilo pengo. Pengo la kadi yake lilikuwa kwingine. Unyasi unajua urefu tu, pengo hauwezi kukuambia. Kudra akaniambia, "Ungemwambia Mungu aifanye kompyuta kuwa na vidole vya mguu." Na alikuwa na haki.

Zilibaki siku kumi na moja. Nikachukua boksi la sabuni, nikakata kipande kama fundi cherehani anavyokata kielelezo, nikakijaribu ndani ya mfereji, nikakata pengo, nikajaribu tena, mpaka kikakaa bila kucheza. Asubuhi nikapanda basi la Kibondo nikiwa na kile kipande ndani ya Biblia kisijikunje. Huko yuko fundi mmoja anaitwa Hilali, anayenunua kompyuta zilizokufa na kuzichambua.

Alipokiona kipande changu akakaa chini. "Mama, umeishonea kompyuta nguo?"

"Pima, baba. Kucheka tutacheka baadaye."

Akavuta kreti lake. Kadi zenye matundu ya USB zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa za mashine za siku hizi, zenye meno mafupi, akazitupa pembeni bila kupima. Ya tatu akaiweka juu ya boksi langu. Pengo kwa pengo.

"Hii ya makamo," akasema, "kama wewe. Haitakupa mbio za mashine za leo. Mfereji wako wenyewe ni mzee, hauwezi."

"Mimi nataka inizidishie mara ishirini tu."

Akanitazama. "Nani amekuambia ishirini?"

Nikamwonyesha hesabu nyuma ya tiketi ya basi. Akaisoma mpaka mwisho, akaniwekea na skrubu juu yake. Nilipoondoka aliomba abaki na kile kipande cha boksi. Nikamwachia.

Kesho yake, kabla jenereta haijawashwa, nikaitoa kompyuta nje ya mlango penye mwanga. Niliondoa kile kitambaa alichokifuma mama, chenye maua manne, alichokuwa akiifunika nacho kama vile ina baridi. Nikafagia vumbi la ndani kwa brashi ya rangi, likatoka jekundu la kujaza kifuniko cha soda. Nikaondoa kibati kimoja nyuma, nikaishika kadi kwa kingo, nikaikandamiza kwa vidole gumba viwili. Mara ya kwanza iligoma upande mmoja. Mara ya pili ikalia "ta", ikazama. Nikafunga skrubu. Saa nne jenereta ikaunguruma, nikawasha, kioo kikaandika kwamba kimeona kifaa kipya, halafu kikatulia. Nikawa na matundu manne mapya.

Nikachomeka diski. Kulikuwa na wateja watatu wanasubiri picha za pasipoti, nikawaambia wakae. Dakika kumi na nane, kaka. Kazi iliyonishinda mara tano iliisha kabla mmoja wao hajamaliza mahindi yake ya kuchoma.

Diski ilirudi kwa Winifrida siku mbili kabla ya tarehe.

Wateja walipoondoka nikafunga mlango, jenereta bado inaunguruma, nikasikiliza yote. Ni dakika tisini na tisa. Siku ile ya kurekodi mimi sikukaa kusikiliza, nilikuwa jikoni, wageni walikuwa wanane. Kwa hiyo aliyosema mama nimeyasikia sasa, kama utakavyoyasikia wewe.

Dakika ishirini za mwanzo anataja waliotuzaa, mmoja mmoja, mpaka ng'ambo ya Malagarasi. Dakika ya thelathini na nne anasimulia mguu wako na ule unyasi, anacheka mpaka anakohoa. Nimehesabu, unanijua. Jina lako amelitaja mara kumi na tisa. Langu mara mbili. Ya kwanza ni dakika ya hamsini na mbili: "Pelagia, mfukuze huyo kuku."

Ya pili ni dakika ya themanini na tatu, na hapo ndipo penye shamba. Ulikisia vizuri, habari zake zimo. Anasema upande wa migomba, kuanzia kisimani kwenda juu, ni wa Harerimana akirudi. Winifrida anamuuliza, "Na Pelagia je?" Mama anakaa kimya sekunde saba. Halafu anasema, "Pelagia yupo." Basi. Anaomba maji. Ukitazama vizuri utaona mkono unaingia na kikombe. Huo ni mkono wangu.

Migomba ile ni mia moja na arobaini. Nimeipalilia tangu mlipowafuata wakwe zako Makamba, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, na kabla ya hapo pia, ulipokuwa na kazi nyingine. Najua kukata picha. Wenye harusi hunilipa niwaondolee mjomba aliyelewa. Kuondoa dakika mbili za mama kungenichukua nusu saa, na wewe usingejua kamwe.

Sikukata hata sekunde moja. Flashi imo ndani ya barua hii, imeshonewa kwenye kitambaa, Kudra atakukabidhi mkononi. Juu yake nimeandika urefu: 1:39. Itazame mpaka mwisho, kisha mpigie Winifrida umuulize kanda zake zilikuwa za urefu gani. Nakuomba umuulize kabisa, usinionee haya.

Nataka mambo mawili kwako. La kwanza: ulilolisema sokoni, ulifute sokoni, Kudra akiwepo. La pili ni la mama, si langu. Hakusema "akituma mtu", wala "akipiga simu". Alisema akirudi. Njoo uipokee migomba yako. Nitaendelea kuipalilia mpaka Krismasi. Baada ya hapo majani yatakuwa ya kwako pia.

Na nikuambie jingine, kwa sababu wewe ndiwe kaka niliye naye. Siku ya kwanza lile neno la mama liliniuma. Niliona amenihesabu pamoja na mkeka na kuku. Sasa kila asubuhi jenereta ikiwashwa, kabla sijamfungulia mteja, nafungua dakika ya themanini na tatu. Nasikiliza zile sekunde saba za kimya na maneno mawili yanayofuata. Halafu naanza kazi.

Nisalimie wifi Uwimana, mwambie dawa ya kuchua mgongo nimempa Kudra, ni ile ya chupa ndogo, asinywe. Wasalimie watoto wote, na wazee wa upande wa wakwe. Kipriani anakusalimu, anasema nyundo yako bado anayo. Winifrida naye anakusalimu.

Imana ikulinde barabarani utakapokuja, na ikulinde hata kama utachelewa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na bado nimekukasirikia kidogo,

Pelagia