Vitunguu vya Mabibo

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mnero tu wazima, babu yako yuko shambani anaokota korosho na mabibo yake.

Umeuliza kwa nini vitunguu vyako vya mabibo vinapondeka, having'ai kama vyangu. Unavikoroga mno, mama. Hata mimi nilipoolewa kule Nkowe nilikuwa hivyo. Siku ya kwanza kumpikia mama mkwe nilikaanga vitunguu, nikamimina maji ya mabibo na ndimu, basi mwiko haukutulia. Niliogopa asinipende. Yeye Kiswahili kilimpa shida, akaniambia neno moja tu: "Kaa."

Nikakaa mkekani karibu yake, nikijua nimeshindwa. Akaanza kunisuka nywele. Maji ya mabibo yakakauka polepole, yakawa mazito, yakavishika vitunguu vikang'aa, vitamu vyenye uchachu kwa mbali. Tulivila na ugali wa muhogo, akanipakulia tena.

Mpaka leo sijui kama alikuwa anavionea huruma vitunguu au mimi. Wewe ukishamimina, punguza moto, kisha kaa. Ukiwa peke yako, nipigie simu tukae wote.

Bibi yako anayekupenda