Fundi Kwenye Benchi la Wajawazito

Mama mkwe,

Shikamoo. Mjukuu wako mzima, ananyonya kama anafukuzwa.

Unakumbuka tulivyomcheka mwanao alipofunga cherehani ili anipeleke kliniki? Alikaa benchini na wajawazito, futi ya kupimia nguo shingoni, akimhoji nesi mpaka nikaona aibu.

Kuna jambo hatukukuambia. Mimba ilipofika miezi minane alinishonea gauni. Jumatatu nililijaribu, likanikaa sawasawa. Alhamisi mikono ya gauni ikanibana.

"Umekosea kipimo, fundi," nikamtania.

Akanipima upya. "Sijakosea. Umevimba. Kichwa kinauma?"

Kilikuwa kinauma tangu asubuhi, nami nikadhani ni jua. Yeye alikumbuka nesi alivyosema: mikono ikivimba na kichwa kikiuma, msingoje. Hakuniacha hata nibadilishe nguo, akanikimbiza hospitali. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alisema tungechelewa hadi jioni, mwanao angetupoteza mimi na mtoto.

Siku hizi yeye ndiye anayempeleka mtoto kupimwa uzito. Ukija utamkuta kwenye benchi lilelile, mtoto mapajani, futi shingoni. Ukitaka kumcheka, mama, safari hii utacheka peke yako.

Mkweo akupendaye