Usiuze Migomba Uje Kuwa Mtafiti

Kambi ya Shamba la Mbegu,
Biharamulo.
8 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Danstan,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Mnaendeleaje hapo Keza? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila kiuno hiki si changu tena.

Nimesikia unataka kuuza migomba ya marehemu baba uje huku, ati redio imesema kampuni binafsi zinaongeza ajira za utafiti mkoani. Mtafiti mwenyewe ndiye mimi. Kitambulisho changu kinasema hivyo. Asubuhi natafiti kwa jembe, mchana natafiti ndege kwa kupiga debe.

Wageni wakija kutoka Dar es Salaam tunavalishwa makoti meupe na kupangwa mstari. Wakiondoka tunayafua na kuyarudisha stoo. Ninyi huko mnabaki na picha zetu gazetini.

Sasa sikia habari ya Agripina, yule mjane wa kule Mugoma. Hapa kila aina ya maharage ina tuta lake na kibao chake, wanatafuta ipi inazaa zaidi. Yeye hakuelezwa, aliambiwa avune tu. Akavuna, akayamwaga yote katika ungo mmoja, kama tunavyoweka mbegu kwetu. Meneja alipoona akashika kichwa.

"Mtafiti gani wewe?"

"Umeniita hivyo wewe, bwana. Mimi nilikuja kulima."

Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kazi yake akapewa mtu mpya, Nimpaye, na kwenye ubao wa getini wakaandika kwamba ajira za utafiti zimeongezeka. Mmoja katoka, mmoja kaingia, wao wanaita kuongezeka. Hata mbuzi tunawahesabu kwa akili kuliko hivyo.

Wenye digrii wapo, wawili. Hawajui majina yetu.

Ukiuza, mama atakaa wapi? Nami nitarudi wapi? Mkataba wangu unaisha Mei na sitaongeza hata siku.

Agripina aliondoka na konzi mbili za yale maharage, moja akanipa. Nimemkabidhi dereva Bizimana pamoja na barua hii. Yapande chini ya migomba, mvua hii hii. Shamba lenye maharage machanga huwezi kumpa mnunuzi mpaka uvune, mama hatakubali. Yakikomaa, nitakuwa nimefika.

Msalimie mama, shemeji Domisiana na jirani yetu mzee Celestini. Mungu awalinde, na awazibe masikio redio ikianza habari za ajira.

Kaka yako akupendaye,
Emilian